Ruta mpya, vifaa vya zamani: niwashe nini, nizime nini?

Swali: Ruta yangu ya miaka mingi imekufa, nikanunua mpya ya Wi-Fi 6. Simu na televisheni zimeingia bila shida. Vilivyogoma ni vitatu. Printa ya zamani haioni kabisa jina la mtandao. Kompyuta ya Windows XP, yenye programu ya hesabu ambayo hatuwezi kuihamisha, inaona jina lakini inakataa neno la siri ambalo nina hakika ni sahihi. Diski ya mtandao yenye faili za zamani imechomekwa kwa kebo, lakini Windows 11 haiifungui. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta nikawasha kila kilichoandikwa kuwa ni kwa ajili ya vifaa vya zamani. Sasa XP imeingia, printa na diski bado, intaneti imekuwa nzito kwa kila mtu, na simu yangu inaniambia mtandao huu una usalama dhaifu. Nirudi nyuma wapi?

Jibu:

Rudisha kila ulichowasha kama kilivyokuwa, kisha tuanze upya na kifaa kimoja baada ya kingine. Vifaa vyako vitatu vinaumwa magonjwa matatu tofauti, na wewe umevinywesha dawa moja. Sikulaumu, kwa sababu menyu za ruta zenyewe zinapotosha: zinakusanya chini ya kichwa kimoja mambo yasiyo na undugu, na mtu akiona neno linaloashiria uzamani anadhani ni swichi moja ya kuruhusu vyote. Kumbe kuna mipangilio ya mawimbi ya redio, kuna ya usalama wa Wi-Fi, kuna ya anwani, na kuna ya huduma zinazopita juu ya hayo yote, kama kushirikiana faili. Kifaa kinapogoma, kwa kawaida kimekwama mahali pamoja kati ya hapo. Ukiwasha kitu cha mahali pengine hukisaidii, unaharibu tu kilichokuwa kizima.

Maelezo yako yanatosha kuonyesha kila kimoja kimekwama wapi. Printa haioni jina, kwa hiyo shida yake ni ya redio; kifaa kisichoona mtandao hakijafika hata kwenye kuulizwa neno la siri. XP inaona jina lakini inakataliwa mlangoni, kwa hiyo redio yake ni nzima na tatizo ni usalama. Diski iko kwenye kebo, kwa hiyo Wi-Fi haihusiki hata kidogo, na huenda ruta yenyewe haina kosa.

Nianze na printa, maana ndiyo yenye sababu nyingi.

Ruta ya Wi-Fi hutangaza jina lake hewani karibu mara 10 kila sekunde. Ndani ya tangazo hilo kuna chaneli, kasi zinazokubaliwa, aina ya usalama na mengine mengi. Printa ikishindwa kulisikia tangazo, au ikilisikia isilielewe, kwake mtandao haupo. Sababu ya kwanza ya kupima ni masafa. Printa nyingi za zamani hujua gigahezi 2.4 tu. Ruta mpya huweka 2.4 na 5 chini ya jina moja, na nyingine zina tabia ya kusukuma vifaa viende kwenye 5: kifaa kikibisha hodi kupitia 2.4, ruta inajifanya haikusikia mara za kwanza, ikitumaini kitahamia upande wa pili. Simu ya kisasa inauelewa mchezo huo. Printa isiyo na upande wa pili wa kuhamia inaweza kubisha mara chache kisha ikasema hakuna mtandao. Kwa hiyo zima kipengele cha kuunganisha masafa, uipe 2.4 jina lake. Liwe jina la kawaida, herufi na tarakimu tupu. Alama za picha, herufi zenye mikato na nafasi kati ya maneno ziache kwanza, na usilifiche jina.

Sababu ya pili ni chaneli, na hii huwapita hata mafundi. Katika nchi nyingi ruta inaruhusiwa kutumia chaneli 1 hadi 13 za gigahezi 2.4. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani husikiliza 1 hadi 11 tu. Ruta ikiachiwa ichague yenyewe, inaweza kuhamia 12 au 13 kwa sababu huko kumetulia, na kifaa chenye mipaka ya Marekani kikabaki kiziwi huku simu ya pembeni yake ikipata mistari yote ya nguvu. Chagua mwenyewe 1, 6 au 11. Ukiwa hapohapo, weka upana wa chaneli kuwa megahezi 20 badala ya 40. Upana wa 40 kwenye 2.4 hauna faida ya maana pale penye Wi-Fi za majirani, na vifaa vya zamani huyumba nao.

Ya tatu ni Wi-Fi 6 yenyewe. Tangazo la ruta ya namna hiyo limeongezewa taarifa ambazo hazikuwapo printa ilipotengenezwa. Kifaa kilichoandikwa vizuri huruka kisichokijua na kuendelea. Kilichoandikwa kwa haraka hulitupa tangazo zima. Hili halikuwapata wenye printa tu: Wi-Fi 6 ilipoanza kuenea, kompyuta nyingi zenye kadi za Wi-Fi za Intel za vizazi vya nyuma hazikuona kabisa majina ya ruta mpya mpaka draiva ziliposasishwa. Kompyuta unaweza kuisasisha draiva. Printa mara nyingi huna namna. Dawa ni kuzima ax, yaani Wi-Fi 6, kwenye 2.4 pekee, ubakize vizazi vya nyuma vya Wi-Fi, b/g/n au g/n, na kuiacha 5 ikiwa na ax kama kawaida. Simu zako hazitahisi pengo, kwa sababu zitakuwa kwenye 5.

Sasa tumefika kwenye herufi b, ambayo nadhani ndiyo uliyoiwasha ya kwanza. 802.11b ni kiwango cha mwaka 1999, kasi yake ya juu ni megabiti 11 kwa sekunde. 802.11g kilifuata mwaka 2003 na kufikisha 54. Ruta nyingi mpya huja zikiwa zimezima kasi za b, nazo zina haki. Hewa ya chaneli moja ni ya wote kwa zamu. Kifaa kinachozungumza polepole kinashika zamu kwa muda mrefu huku wengine wakisubiri. Chukua pakiti ya kawaida ya baiti 1500. Kwa megabiti 54, biti zake zinapita kwa milisekunde 0.22 hivi. Kwa megabiti 1, ambayo ndiyo kasi ya chini kabisa ya b, pakiti ileile inakaa hewani milisekunde 12. Wakati huo wote hakuna kifaa kingine kwenye chaneli hiyo kinachoruhusiwa kusema kitu.

Na hata kama printa hiyo haichapishi chochote, gharama ipo. Ukiwasha b, ruta inalazimika kutoa matangazo ya jina kwa kasi ambayo kifaa cha b kinaielewa, na mara nyingi hiyo ni megabiti 1. Tangazo la baiti 300 linachukua zaidi ya milisekunde 2 kila linapotoka. Ruta yenye jina la kawaida, la wageni, la vifaa vya nyumbani na jingine tena, inaweza kumaliza karibu sehemu moja ya kumi ya muda wa hewa kwa kujitangaza tu. Juu ya hapo, vifaa vya g na n hulazimika kutanguliza ujumbe wa tahadhari kabla ya kuzungumza, ili cha b, ambacho hakielewi lugha yao, kinyamaze. Hiyo ni sehemu ya uzito ulioulalamikia, lakini si sehemu kubwa. Kubwa iko kwenye usalama, nakuja huko.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha b, geuza printa usome lebo ya chini au kijitabu chake. Ukiona 802.11b/g au b/g/n, hakuna haja ya kuwasha b; sababu ni mojawapo ya zile tatu za juu. Ukiona 802.11b peke yake, basi printa hiyo ni ya enzi ambayo karibu kila mara ina tundu la kebo nyuma. Tumia kebo. Kebo inaimaliza hoja yote ya Wi-Fi: haijali chaneli, haijali neno la siri, wala haijali b. Kama ruta iko mbali, kuna vifaa vidogo vinavyoshika Wi-Fi ya kisasa upande mmoja na kutoa kebo upande wa pili. Ruta nyingine za zamani nazo zina hali ya daraja inayofanya kazi hiyohiyo, lakini yako imekufa, basi tusiifufue.

Printa isiyo na kibodi huwa inaingizwa kwa WPS, kile kitufe cha kubonyeza pande zote mbili ndani ya dakika 2. Ukiona kitufe hicho kwenye ruta hakijibu, angalia usalama uliochagua: WPS haifanyi kazi na WPA3, aina mpya ya usalama wa Wi-Fi. Kitufe nakiruhusu kwa hizo dakika chache. Njia ya PIN ya WPS izime moja kwa moja. Ina tarakimu 8, lakini ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta hukagua 4 za mwanzo peke yake kisha 3 zinazofuata. Mwaka 2011 mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alionyesha kwamba hilo linashusha kazi ya kubahatisha hadi majaribio 11,000 kwa wingi wake, na kompyuta inayamaliza bila kutoka jasho.

Tuje kwenye XP. Umesema imeingia baada ya kuwasha kila kitu, na hapo ndipo penye bei kubwa uliyolipa bila kujua.

Usalama wa Wi-Fi umepita hatua nne. WEP ilikuja na kiwango cha kwanza mwaka 1997. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walichapisha udhaifu wake, na kufikia 2007 watafiti wa Darmstadt walionyesha ufunguo wa WEP ukipatikana kwa chini ya dakika moja. Ilihitajika dawa ya haraka ambayo ingekaa kwenye kadi zilezile zilizokwisha kuuzwa, na kadi hizo hazikuwa na uwezo wa kufanya AES, usimbaji ulio imara zaidi. Ndipo mwaka 2003 ikatolewa WPA yenye TKIP: kiraka juu ya mashine ileile ya WEP, cha kushikilia mpaka suluhisho la kweli lifike. Suluhisho lilifika mwaka 2004, WPA2 yenye AES, na tangu Machi 2006 kila kifaa kipya kilichotaka cheti cha Wi-Fi kilipaswa kuwa nayo. WPA3 ilitangazwa 2018. Kwa maneno mengine, TKIP ilizaliwa ikiwa ya muda, na bado iko kwenye menyu za ruta miaka yote hii baadaye, kama chambo.

Kiwango cha 802.11n kilikataza TKIP na WEP zisitumike na kasi zake. Ukichagua TKIP peke yake, ruta yako ya Wi-Fi 6 inarudi kwenye kasi za g, yaani megabiti 54 za kwenye karatasi, ambazo kwa matumizi halisi huwa ishirini na kitu. Ukichagua mseto wa TKIP na AES, simu zinaweza kubaki na AES kwa mazungumzo yao binafsi, lakini ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja unasimbwa kwa ufunguo mmoja wa kundi, nao lazima uwe wa TKIP ili kifaa cha zamani kiusome. Simu yako imeona hilo, ndiyo maana ya onyo la usalama dhaifu. Na kuna ruta ambazo, hata kwenye mseto, huangusha kasi za vifaa vyote kuwa upande salama. Bila kuiona yako nadhani hilo ndilo lililokupata. Njia ya kuhakiki ni rahisi: kwenye Windows 11 fungua taarifa za muunganisho wa Wi-Fi, utazame kasi ya kiungo. Ukikuta 54 kamili, umemkamata mwizi.

XP haihitaji TKIP. Inahitaji kusasishwa. WPA2 ilikuja ikiwa kamili kwenye Service Pack 3, furushi la masasisho la mwaka 2008. Kabla ya hapo ilitegemea kiraka cha pembeni ambacho wengi hawakukiweka. Bofya kulia kwenye alama ya kompyuta yangu, fungua sifa zake, usome imeandikwa Service Pack ngapi. Ikiwa ni 2, weka 3 kwa faili ya kusakinisha bila mtandao, kisha tafuta draiva ya mwisho ya kadi ya Wi-Fi. Ikiwa tayari ni 3 na bado inakataa WPA2, basi kadi ndiyo isiyojua AES. Ibadilishe kwa kadi ya USB yenye draiva za XP, au, kama kawaida yangu, vuta kebo.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya hapo: ruta nyingine mpya huja zikiwa kwenye WPA3 tupu au kwenye mseto wa WPA2 na WPA3. WPA3 hulazimisha ulinzi wa fremu za usimamizi, yaani ujumbe wa kuingiza na kutoa vifaa mtandaoni, kitu kilichoanza na 802.11w mwaka 2009, ambacho XP haijawahi kukisikia. Mseto huo kwa nadharia huuacha ulinzi uwe wa hiari, na vifaa vingi vya WPA2 huingia vizuri. Vichache hukanganyikiwa vikiona aina mbili za usalama kwenye tangazo moja, na kosa linalojitokeza kwenye skrini ni neno la siri si sahihi, hali neno ni sahihi kabisa. Kwa hiyo jina la 2.4 ulilolitenga liwekee WPA2 yenye AES tupu, na huo ulinzi wa fremu uuzime au uuache wa hiari. Jina la 5 libaki kwenye mseto au WPA3. Neno la siri la 2.4 liwe la herufi 8 hadi 63 za kawaida, na liwe refu. Huko ndiko printa na XP zitakakokaa. Nina hakika ya kutosha kwamba hapo vyote viwili vitaingia bila TKIP.

Lakini XP ikishaingia, usiiachie intaneti. Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama Aprili 2014. Ruta nyingi zina udhibiti wa wazazi au orodha ya kuzuia kwa anwani ya kadi. Iweke XP humo, intaneti imezuiwa, mtandao wa ndani umebaki. Programu ya hesabu haitakosa kitu. Wazo la kuihamishia kwenye mtandao wa wageni ni zuri kwa usalama, ila kumbuka mtandao wa wageni kwa kawaida hauruhusu vifaa kuonana, kwa hiyo XP haitaweza kuchapisha kwenye printa iliyoko mtandao mkuu. Kama haichapishi, ipeleke huko.

Sasa diski, na hapa sitakuficha: muda wote uliotumia kwenye menyu ya ruta kwa ajili yake ulipotea. Kompyuta yako ikifungua faili kwenye diski iliyo ndani ya mtandao uleule, ruta inapitisha pakiti tu kutoka tundu hili kwenda lile. Haisomi itifaki ya faili wala haina swichi ya kuiruhusu. Ile swichi ya SMB1 (itifaki ya zamani ya kushirikiana faili) uliyoiona kwenye ruta inahusu diski ya USB inayochomekwa kwenye ruta yenyewe. Izime.

Kwanza tujue kama diski iko hai mtandaoni. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta, uitafute. Isipokuwepo, jibu langu la kwanza ni anwani. Watu wengi waliipa diski au printa anwani ya kudumu enzi ya ruta ya zamani, tuseme 192.168.0.50. Ruta mpya ikiwa inagawa 192.168.1 na kuendelea, diski imekaa mtaa mwingine na hakuna anayeifikia, ingawa taa zake zote zinawaka. Hapa huhitaji itifaki yoyote ya zamani. Badilisha anwani ya ndani ya ruta ifanane na ya zamani, yaani 192.168.0.1, washa ruta upya, kisha kwenye dirisha la amri andika ping ikifuatiwa na anwani ya diski. Ikijibu, ingia kwenye ukurasa wake, uiweke ichukue anwani kutoka kwa ruta yenyewe. Ujanja huu umenitatulia kesi nyingi za namna hii kuliko mpangilio mwingine wowote, na hauna uhusiano na uzee wa kifaa. Ruta imebadilika, basi.

Diski ikijibu ping na Windows bado inakataa, soma ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa sababu yapo makosa mawili yanayofanana kwa nje. Ujumbe ukitaja SMB1 kwa jina, diski yako inajua SMB1 tu. Hiyo ni itifaki ya miaka ya 1980. SMB2 ilikuja na Windows Vista mwaka 2006, na Samba, programu ambayo diski nyingi za mtandao huiendesha kwa ndani, ilikamilisha kuiunga mkono mwaka 2011. Diski ya kabla ya hapo huwezi kuitegemea iwe nayo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupenya kupitia SMB1 kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kiraka kilichotoka Machi mwaka huohuo, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, mwishoni mwa 2017, Microsoft iliacha kuisakinisha.

Ujumbe ukitaja wageni au sera za usalama, kosa ni jingine kabisa: diski inaruhusu kuingia bila jina wala neno la siri, na Windows 11 ya sasa haikubali hivyo. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 liliongeza ukali, likidai pia kila ujumbe uwe na saini. Hapo tengeneza mtumiaji mwenye neno la siri kwenye ukurasa wa diski, ujaribu tena kwa jina hilo. Kuwasha SMB1 kwa kosa hili hakusaidii kitu.

Ikiwa kweli ni SMB1, angalia kwanza kama mtengenezaji alitoa sasisho la mwisho la programu ya ndani ya diski. Wakati mwingine SMB2 ilikuja humo na mwenye diski hakuwahi kusasisha. Likikosekana, tazama kama ukurasa wa diski una huduma ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili. FTP nayo haifichi kitu, lakini kwa kunakili faili mara moja, ndani ya mtandao wako, kwa kebo, inatosha. Hata SMB1 ningeivumilia kwa kazi hiyo moja: iwashe kwenye Windows kama mteja tu, bila upande wa seva, nakili kila kitu, iondoe, washa kompyuta upya. Kuiacha ikiwashwa mwaka mzima kwa sababu ya diski yenye sahani zilizozunguka kwa zaidi ya muongo, hapana. Hofu yangu kubwa kwa diski hiyo hata si itifaki, ni kufa kwake.

Yaliyobaki kwenye menyu yako nitayapitia upesi. Telnet, njia ya zamani ya kuongoza kifaa kwa amri kupitia mtandao, izime: kila kinachoandikwa humo, neno la siri likiwamo, kinapita bila kufichwa, na kirusi cha Mirai mwaka 2016 kilijikusanyia jeshi la vifaa kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani kupitia mlango huo. RIP ni ya ruta kuelezana njia na ruta nyingine. Una ruta moja, haina wa kumweleza, zima. PPTP, kama kuna mtu aliiwasha ili kuingia nyumbani akiwa mbali, izime pia: uthibitishaji wake ulionyeshwa mwaka 2012 kuwa unavunjika, na huenda ruta yako mpya ina OpenVPN au WireGuard, njia za kisasa za kazi hiyohiyo. UPnP, inayoruhusu vifaa vijifungulie milango ya ruta vyenyewe, si ya zamani kwa maana hii, ila kama hakuna anayecheza michezo ya mtandaoni humo, sioni kwa nini ibaki.

Fanya mabadiliko moja moja, na baada ya kila moja subiri ruta iwake kikamilifu kabla ya kupima. Vifaa vya zamani hukariri mtandao wa awali, kwa hiyo kabla ya kupima XP futa jina la mtandao kwenye orodha yake, na printa izime kwenye umeme iwake upya. Printa ikigoma baada ya yote hayo, niandikie ukinitajia mambo matatu: herufi zinazofuata 802.11 kwenye lebo yake, chaneli iliyokuwa imewekwa ulipopima, na kama jina la mtandao wa jirani yeyote linaonekana kwenye kioo chake. Hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu printa isiyoona hata Wi-Fi ya jirani huenda ina antena mbovu, na hapo hakuna mpangilio wa ruta utakaoisaidia.